Ndoo ya Mzee Gubu

Gubu lilikuwa lake tangu ujana, na watu walipochoka kulivumilia wakamfanyia jina. Mzee Gubu mwenyewe hakuona kosa liko wapi. Alikuwa na ugomvi na fundi aliyemwachia tundu kwenye bati, ugomvi na jirani ambaye mbwa wake hakujua kunyamaza, ugomvi na mtangazaji wa redio aliyetaja habari za mvua kana kwamba anainyesha yeye, na ugomvi wa kudumu na mlango wa stoo uliokuwa ukinasa kila alipokuwa na haraka. Mkewe alishazoea. Alikuwa akimjibu, "Sawa, baba watoto," bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, na jibu hilo nalo lilikuwa likimkera.

Kwa nguruwe wake alikuwa mtu mwingine kabisa. Akishavuka geti dogo la banda sauti inashuka, mabega yanashuka, hata mwendo unabadilika. "Haya wakubwa, taratibu, taratibu, nafasi ipo ya kila mtu." Na nafasi ilikuwapo kweli. Banda lilikuwa pana kuliko nyumba, jambo ambalo mkewe hakuacha kulitaja wageni walipokosa pa kulala.

Chini alitandaza nyasi kavu za kutosha mtu kuzama miguu. Upande mmoja nguruwe walilala, upande mwingine wakajisaidia, na mpaka huo waliuweka wenyewe, kwa sababu nguruwe akipewa nafasi hachafui anapolala. Mgeni akija amejiziba pua, Mzee Gubu anamjia juu: "Unaziba nini? Umesikia harufu gani? Anayependa uchafu ni mfugaji mvivu!" Nje kulikuwa na uwanja wa kufukua kwa pua, na kidimbwi cha tope, maana nguruwe hatoki jasho na jua humuunguza ngozi. Mikia hakuikata. Wenzake wengi huikata nguruwe wakingali wachanga, kwa sababu nguruwe waliobanana, wasio na la kufanya, hutafunana mikia. Wake walikuwa na magunzi, matawi na magogo ya kutafuna mchana kutwa, na hakuna aliyekuwa na shida na mkia wa mwenzake. Jike akikaribia kuzaa alipewa chumba chake na mzigo wa nyasi ajitengenezee kitanda kwa namna anayotaka, na siku hiyo ole wake mtu apite karibu akipiga mluzi.

Halafu ilikuwapo ndoo. Ndoo kuukuu ya bati, kishikio kimefungwa waya. Asubuhi na jioni aliitia konzi ya mahindi makavu, akaitikisa, na popote walipokuwa wangekuja mbio, masikio yakiwapigapiga usoni. Wako wafugaji wanaotikisa ndoo tupu ili nguruwe warudi bandani upesi. Mzee Gubu aliwahesabu watu hao pamoja na wezi. Siku moja nguruwe wake walitoroka wakaingia bustani ya jirani, na yeye, badala ya kuitikisa ndoo pale pale, akarudi stoo kwanza kuchukua mahindi, akapigana na ule mlango unaonasa, huku jirani akilia juu ya kabichi zake. Ndoo hiyo haijawahi kusema uongo, alikuwa akijisifu, na kwa hilo alikuwa mkweli.

Sasa mtu kama huyo, nyama yake iharibike?

Iliharibika. Mwenye bucha aliyekuwa akinunua nguruwe wake wote, mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Bucha, alipomwambia mara ya kwanza kwamba nyama imepauka na inatoa maji, Mzee Gubu alicheka. Mara ya pili alinuna. Alimgombeza muuza pumba, akamwacha, akatafuta mwingine, akamgombeza na huyo. Aliosha tangi la maji hadi ndani kabisa, akatoka amelowa na hakuna alichokiona. Akabadilisha mashudu. Akapunguza mahindi, akayaongeza tena. Kila alichokigusa kilikuwa sawa, na hilo ndilo lililomtia wazimu, kwa sababu mtu mwenye gubu huhitaji kitu cha kukilaumu kama wengine wanavyohitaji chai.

Mara ya tatu Mama Bucha alimwita dukani.

"Mzee wangu," akasema, "wateja wanakuja hapa kwa sababu ya nyama yako. Nilishawaambia huyu bwana anafuga vizuri, wakaniamini. Sasa wanaiweka kwenye sufuria inaelea kwenye maji yake, ikiiva imekuwa kama raba. Wananiona mimi tapeli. Utakaowaleta mara hii wakiwa hivi, sichukui tena."

"Ni friji yako," Mzee Gubu akasema.

"Friji imefanya nini?"

"Mimi nitajuaje? Friji ni yako!"

Lakini moyoni alishaingiwa na hofu. Alijua vizuri kwamba Mama Bucha akiacha, hakuna mwingine anayejali banda pana wala nyasi. Wachuuzi waliobaki walitaka nguruwe wengi, upesi, waliobanwa kama njiti za kiberiti. Ama naye awabane, ama afunge banda. Na kuwabana asingeweza. Alishajaribu kuwaza hivyo siku moja akashindwa kumaliza chakula.

Mama Bucha hakubishana naye. Alivuta nusu ya nguruwe iliyokuwa imening'inia, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. "Njoo uangalie mgongo."

Mistari. Mistari myekundu, mirefu, imepita mgongoni na kwenye paja, na begani alama za meno. Mzee Gubu aliangalia mpaka Mama Bucha akadhani hajaelewa.

"Wamepigwa," akamwambia. "Wamepigwa na wamepigana. Nguruwe akifika machinjioni roho iko juu, damu inachemka, nyama yake ndiyo hii. Utamlisha unavyotaka miezi yote, siku ya mwisho ikienda mrama umeshaiharibu."

Alirudi nyumbani akitembea kama anayefukuzana na mtu. Kwa bahati mbaya, mtu mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani anakunywa chai: mdogo wa mkewe, mwenye pikapu, ambaye ndiye aliyekuwa akiwapeleka nguruwe machinjioni.

"Wewe! Umewapiga nguruwe wangu!"

"Shemeji, kaa kwanza."

"Sikai! Mgongo mzima mistari! Mimi siwanyooshei hata kidole, wewe unawatia fimbo?"

"Wanakataa kupanda," shemeji akasema, kikombe mkononi. "Nikifungua mlango wa gari wananiangalia kama nimekuja kuwaibia. Hawanijui. Nifanyeje, niwaimbie? Na njiani lazima nipitie kwa yule mfugaji wa bondeni nichukue na wa kwake, gari haliendi kwa maji, shemeji. Wakikutana humo ndani wanatiana meno. Mimi ni dereva, siwezi kukaa mbele na nyuma."

"Unawachanganya na wa watu?" Sauti ilimpasuka. "Nguruwe wasiojuana? Hata mtoto anajua!"

"Basi angekuja huyo mtoto. Au ungekuja wewe. Siku hiyo wewe huwa uko wapi, shemeji?"

Siku hiyo. Kila siku ya kupakia nguruwe Mzee Gubu hukumbuka jambo la haraka mjini, akaondoka mapema na kurudi gari likishaondoka, na bandani upande mmoja ukiwa kimya.

"Huwa nakwenda kununua kufuli," akasema.

Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, hakuinua macho. "Tuna kufuli nyingi kuliko milango, baba watoto."

Shemeji alikunywa chai yake mpaka ikaisha, na Mzee Gubu akaenda kugombana na mlango wa stoo kwa muda mrefu bila kuingia.

Siku ya kupakia ilipofika hakwenda mjini. Alimlazimisha shemeji aje na gari tupu, lisilopitia kwa mtu wa bondeni wala mtu mwingine yeyote, akamrudishia pesa ya petroli huku akimlaani. Alijenga njia ya kupandia ya mbao na udongo, isiyo na mwinuko mkali, akaiziba pembeni ili wasione pa kuchepukia, akaitandika nyasi zao wenyewe zenye harufu ya banda. Ndani ya gari akatandika nyingine. Alikosoa maegesho. Alikosoa moshi wa gari. Alikosoa viatu vya shemeji, kwamba vinapiga kelele. Alipokosa cha kukosoa akachukua ndoo.

Hapo ndipo alipokwama. Nguruwe wa kuchinjwa hapewi chakula tangu usiku uliotangulia, maji tu. Tumbo lililojaa huleta balaa kwenye meza ya kuchinjia, na machinjioni wangewarudisha. Kanuni hiyo alikuwa akimkumbusha mkewe kila mara kabla ya kukimbilia mjini kwake. Punje chache? Wangezinusa, wangezigombania, na kugombana ndiko kunakoharibu nyama. Lakini bila ndoo wasingetoka, labda kwa fimbo.

Alisimama pale, mzee mzima, akiangalia ndani ya ndoo tupu. Shemeji akatazama saa, kisha kwa hekima adimu akatazama pembeni. Mzee Gubu aliinama njiani akaokota kokoto, konzi moja, akazitia ndooni. Akaitikisa. Sauti haikuwa ile ile kabisa. Yeye aliisikia tofauti. Wao hawakuitambua tofauti hiyo.

Walikuja mbio, wote watano aliokuwa amewatenga usiku, masikio yakiwapigapiga usoni.

"Haya wakubwa," akasema. "Taratibu. Nafasi ipo ya kila mtu." Alitangulia kwenye mbao akirudi kinyumenyume, nao wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine bila kusukumana, na shemeji, ambaye kila mara alimaliza kazi hiyo akiwa amechanika suruali, alibaki ameduwaa kando ya gari. Mmoja mkubwa, mwenye sikio lililopasuka, alinyanyua pua kuchungulia ndooni. Mzee Gubu akaiinua juu zaidi.

Alisafiri nao nyuma. Alisimama katikati yao ameshika chuma cha gari, na kila kwenye kona yule mwenye sikio lililopasuka alimwegemea mguuni kwa uzito wake wote, kama alivyozoea. Watu barabarani walimcheka. Alitaka kuwatukana lakini asingeweza kupaza sauti mbele ya nguruwe, kwa hiyo matusi yote aliyameza, na yalikuwa mengi.

Machinjioni aliwataka wakae kwanza kwenye zizi la peke yao, wanywe maji, wapumzike. Walilala ubavu kwa ubavu. Zamu yao ilipofika akaja mfanyakazi mwenye bomba la plastiki mkononi.

"Weka hilo chini," Mzee Gubu akasema kwa ile sauti yake ya bandani.

"Mzee, tuna kazi hapa."

"Hata mimi niko kazini. Liweke chini, nitawaleta mwenyewe."

Mfanyakazi alimtazama, akaona uso, akaliweka. Mzee Gubu akatangulia kwenye ule ujia mwembamba wenye sakafu iliyolowa, ndoo mkononi, akiitikisa kidogo kidogo. Walimfuata. Hakuna aliyepiga kelele wala kuteleza. Mwisho wa ujia palikuwa na mlango, yeye akapita pembeni kwenye upenyo wa watu, na wao wakapita mlangoni, yule mwenye sikio lililopasuka akiwa wa kwanza kwa sababu siku zote alikuwa wa kwanza kwenye ndoo.

Jioni hiyo hakulisha. Ndoo aliibwaga ukutani aliposhuka garini, akaingia ndani akajifunika. Mkewe akawalisha waliobaki kwa beseni, na kesho yake asubuhi akawalisha tena.

Mama Bucha alipiga simu siku hiyo alasiri. Alikuwa na furaha, mtu anayepaza sauti akifurahi, na mkewe alisikia yote kutoka jikoni. Nyama ina rangi. Imeshikana. Haijatoa hata tone. Mteja wake mkubwa ameirudia siku hiyo hiyo. "Ulifanya nini, mzee wangu?"

"Sijafanya kitu."

"Basi hicho hicho usichofanya ukifanye kila mara! Mimi nachukua wote, umenisikia? Wote!"

Alikata simu bila kuaga. "Kila mara!" akamwambia mkewe. "Umemsikia? Kila mara! Anasema kama mtu anayeagiza sabuni. Na anavyopiga kelele, simu yenyewe itapasuka!"

"Si ndicho ulichokuwa unataka, baba watoto? Banda halifungwi."

"Halifungwi, halifungwi! Nani kasema nataka lifungwe?"

"Sawa, baba watoto. Basi nenda ukawalishe, mimi mgongo unauma."

Akatoka akibamiza mlango. Alikuwa na maneno ya kumwambia Mama Bucha, na shemeji, na yule wa bomba la plastiki, na fundi wa bati ambaye hakuhusika hata kidogo, na alikuwa akiyapanga kichwani alipoinama kuokota ndoo pale ukutani kwenda nayo stoo kuchukua mahindi. Alikuwa amesahau. Kokoto zilikuwa bado zimo, zikagongana.

Waliobaki wakainua vichwa uwanjani, wakaja mbio. Walikuja wote, majike na vitoto vyao, wakajazana getini wakisukumiana pua kumwelekea, na hakuna hata mmoja aliyesita. Mzee Gubu alisimama na ndoo yake, hasira imemjaa, akatafuta mtu wa kumgombeza asimwone.