Askari Niliyemlaza Bila Kutumwa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata harufu ya rangi yake naikumbuka. Mimi, Masanja, nilikuwa kijana wa Nkoma, nikiandika mabango ya maduka na majina kwenye misalaba ya makaburi, maana kijiji kizima aliyejua kushika brashi nilikuwa mimi peke yangu. Nyinyi mnaokuja kwangu hapa Bariadi na vifaru vya plastiki vilivyokatwa kiwandani, na vichupa vya rangi vyenye namba, mna bahati yenu. Sisi tulifinyanga kwa udongo wa kichuguu.

Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha na vijana wetu wamerudi. Viongozi wa kijiji wakaniomba nitengeneze kitu cha kuweka ofisini, watu wakione. Nikachukua ubao mpana, nikajenga juu yake mahandaki, mto, lori la bati, mzinga wa waya na vichaka vya vijiti vya pamba. Askari walikuwa na urefu wa kidole. Waliorudi walikuja kukaa nami wakinielekeza: handaki lilipinda huku, mkanda wa bunduki ulipita bega hili, kofia yangu ilichanika hapa. Kila mmoja nilimpaka sura yake na kubandika jina lake miguuni. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Kasoro ilibaki moja. Niliona vita bila mtu aliyeanguka ni mchezo wa watoto, ila kila niliyemwomba nimlaze alikataa. Mmoja aliniambia nikimlaza yeye, mke wake hatanipa tena hata maji ya kunywa. Hapo nikamkumbuka Doto. Doto alikwenda vitani, pacha wake Kulwa akabaki kulima na mama yao. Wenzake walirudi, yeye hakurudi, na haikuja barua wala mtu wa kusema amekufa. Kwa kuwa hakuwepo kunikatalia, nikamlaza kando ya handaki, nikamtia rangi nyekundu kifuani, nikabandika jina. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza.

Ubao ulipowekwa ofisini asubuhi, watu walijaa. Walicheka, wakatafutana majina. Walipofika kwa Doto, wakanyamaza. Nikadhani wanaistaajabia kazi yangu. Kumbe walikuwa wanafikiri hivi: mkono huu ndio unaoandika misalaba, na waliokuwa na Doto vitani ndio waliokaa na Masanja wakimweleza. Basi habari imefika. Mchana wanawake wakajifunga kanga, wakaenda kwa Mama Kulwa kumlilia mwanawe. Walimkuta anaanika pamba. Yeye ndiye aliyewauliza nani amekufa.

Alikuja ofisini kwa miguu, waombolezaji nyuma yake, nyuzi za pamba bado ziko vidoleni. Watu wakampisha. Aliinama, akamtazama yule askari kwa muda mrefu, kisha akanigeukia bila kupaza sauti.

"Masanja, nani alikutuma?"

"Hakuna, mayu," nikasema, maana kwetu mama wa mwenzako ni mama yako. "Nilikuwa naupendezesha ubao tu."

"Msiba una mjumbe wake. Wewe umeniletea bila kutumwa. Sasa niambie, nilie au nisilie?"

Nikamchukua yule askari, nikaahidi kufuta damu na kumsimamisha pamoja na wenzake. Mama Kulwa akanishika mkono.

"Usimsimamishe. Hilo nalo hulijui."

"Basi nimweke wapi, mayu?"

Akauangalia ubao wote, kuanzia mtoni. "Mweke njiani," akasema, akarudi kumalizia pamba yake.

Siku hiyohiyo nilimkwangua rangi, nikamvunja miguu na kumfinyanga upya akitembea, mkoba mgongoni, kwenye njia inayotoka mtoni. Sanamu ilitengenezeka. Baadaye nilikwenda na mjomba wangu kuomba radhi, tukapokelewa, tukala, na mama yule akanisamehe kwa kinywa chake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile, kila alipoona wanawake wawili wanaingia uani kwake pamoja, alisimama na kuacha kazi, akisubiri waseme wamefuata nini, hata kama wamefuata chumvi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na woga ule nilimtia mimi. Kila nilipouona uliniuma. Kulwa naye hakunisalimia misimu miwili ya pamba.

Mama Kulwa aliishi miaka mingi, na habari ya Doto haikuja. Alipofariki, Kulwa aliniletea msalaba niandike jina la mama yake. Nilipomaliza nikamuuliza, maana sasa nilikuwa nimejifunza kuuliza, kama tumwandike na Doto pembeni. Akasema mama ameondoka hajamtuma mtu kusema Doto amekufa, na yeye hawezi kumtangulia mama kulisema. Basi askari yule bado anatembea; ubao ulipochakaa nilimchukua, yuko kabatini kwangu, na vumbi lake nalifuta mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, jenga vita vyako. Paka matope kwenye matairi, kwaruza bati lionekane limepigwa risasi. Ufundi si dhambi. Ila ukitaka kumpa askari wako jina la mtu, nenda kwao kwanza. Salimia, kaa, muulize mama yake, na akikwambia ngoja, wewe ngoja. La mtu ambalo hukutumwa kulisema usiliseme, iwe kwa rangi, iwe kwa kinywa, iwe kwa hiyo simu yako.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, na moyo wa kuuzuia mkono huo inapobidi. Na wote walio njiani, wa kwenu na wa kwetu, awafikishe.