Sinema ya Pasaka Ilivyoninyima Maombi

Pasaka hii ilinikuta Mwingi, nikitazama kwenye simu ile sinema ya maisha ya Yesu tuliyoonyeshwa kila mwaka utotoni kule Matinyani, juu ya shuka jeupe, sauti zote zikiwa za Kikamba. Mama mwenye nyumba wangu, Mwislamu mwenye duka hapo mbele, alichungulia.

"Kwani mkifunga macho mkiomba, munaona huyo?"

Nikacheka. Kwao hawachori mtume yeyote. Nikaona hajui tu mambo yetu.

Asubuhi yake nilipiga magoti, na mwigizaji yule akaja: ndevu zimechanwa, macho ya samawati. Nikafumbua. Nikafumba tena, yupo! Mimi, mwalimu wa shule ya Jumapili, kumbe miaka yote namwomba Mzungu aliyelipwa avae kanzu. Nilikasirika nikaunguza chapati. Wiki tatu sikuomba. Nilifua nguo safi, nikapanga vyombo vilivyopangwa, sikupata utulivu.

Ndipo mama yangu akapiga simu. Alikuwa anatolewa mtoto wa jicho Alhamisi, na hakutaka pasta. Alitaka nimwombee mimi.

Kwenye benchi la hospitali alinipa mikono yote miwili akangoja. Sikuweza hata kuanza.

"Mwaitu," nikamuuliza mama, "wewe ukiomba unaona nani?"

"Kuona? Hata hiyo sinema yenu sikuwai ona, mwana wakwa. Nilikuwa nauza njugu huko nyuma, nimeangalia wateja, hiyo shuka iko mgongoni. Mimi nilikuwa nasikia tu." Akatabasamu. "Huyo Yesu anaongea kama babako. Vile alikuwa anaongea kabla aende Mombasa."

Baba alikwenda Mombasa nikiwa darasa la pili, na hatujamwona tangu hapo. Mama hakumtaja kamwe, nasi tukaamini amemsahau. Kumbe kila alfajiri, nikimsikia akinong'ona upande wa pili wa ukuta, alikuwa akizungumza na sauti ile. Niliumia. Nilitaka kumgombeza mtu na sikujua nani.

Nesi akaita jina lake.

"Omba basi," mama akasema, "wananingoja."

Nikafumba macho, nikaanza kwa Kikamba, harakaharaka. Uso wa Mzungu ulikuwa palepale na sikuujali. Nilikuwa na ombi moja tu: huyo mwenye sauti ya baba yangu, safari hii asimwache.