Neno Nililoandika Mbele ya Jina la Bibi

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuandika lilikuwa neno moja fupi: hana. Niliandika kwa hati nzuri, herufi zote zimesimama sawasawa, wino haukuchuruzika hata kidogo. Sijapata kuandika neno likatoka safi kama lile, na kila nikilikumbuka hasira inanipanda.

Nilijifundisha kusoma mwenyewe. Mpagazi mmoja aliyeshikwa na homa alilala kwetu siku chache, akanionyesha herufi, na alipoondoka aliniachia kijitabu kisicho na jalada. Yaliyobaki niliyatafuta peke yangu. Niliandika kwa kijiti kwenye udongo wa paa la tembe letu, paa bapa ambalo mtu hukaa juu yake, na nikikosea herufi moja nilifuta mstari mzima na kuanza upya, hata kama kosa lilikuwa mwishoni. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyelikandika paa lile. Alikuwa akipita chini na kuniuliza, "Mume wangu, leo umenichimbia wapi? Mvua ikipenya, wewe ndiye utakayelala kwenye matope."

Haikupenya. Alichanganya udongo wa kichuguu, samadi na majivu kwa kipimo alichokijua mwenyewe, na watu walimwita kuwakandikia mapaa yao. Lakini hilo lilikuwa jambo dogo kwake. Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi alikuwa akichemsha chumvi. Alikuwa amekwangua udongo mweupe wa mbugani, akauchuja kwa maji kwenye chungu kilichotobolewa, na maji yake yalikuwa jikoni. Wakaja wanaume wawili kutoka upande wa Haneti wakihema: mke wa mmoja wao alikuwa na uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Bibi akamwambia mama aangalie moto, akanawa mikono, akaenda nao. Alirudi siku ya pili, mtoto amezaliwa salama. Njiani alikuta ng'ombe wa jirani ameshindwa kuzaa, akaingiza mkono vilevile na kumtoa ndama. "Afadhali huyu," alituambia, "hatukani." Kisha akakaa chini kumalizia kuufinyanga mtungi aliokuwa ameuacha nusu kabla ya kuanza chumvi, kana kwamba hakutoka.

Mwaka ule, baada ya mavuno, akida alikuja kwetu na daftari jipya kutoka boma la Wadachi. Karani wake alikuwa amebaki Hombolo, mgonjwa, naye alikuwa amesikia kwamba kwetu yuko kijana ajuaye kuandika. Sikuwa nimewahi kushika kalamu ya chuma.

Ukurasa ulikuwa umepigwa mistari: jina, nyumba, kazi. Safu ya kazi ilikuwa nyembamba, upana wa vidole viwili. Nilimwuliza akida kama wino ule unakauka upesi. Nilimwuliza kama kila neno lianze kwa herufi kubwa. Sikumwuliza daftari ni la nini.

Mhunzi nikamwandika mhunzi. Mwindaji, mwindaji. Mambo yalikwenda vizuri mpaka zamu ya bibi. Nikiandika mfinyanzi, nitakuwa nimeuacha ukunga, na watu wengi walimjua kwa ukunga. Nikiandika mkunga, je, chumvi? Je, nguo za ngozi alizowashonea wanawali na kuzitia shanga? Nikahesabu kwa kidole herufi za "mkunga na mfinyanzi", nikaona zitavuka mstari na kuharibu ukurasa. Akida alikuwa akigonga kiatu chini. Tone la wino lilikuwa likikusanyika kwenye ncha ya kalamu, linataka kudondoka. Nikaandika hana. Herufi nne. Zilienea vizuri.

Akida alinisifu. Nilifurahi siku nzima, na sioni faida ya kulificha hilo.

Mvua zilipokaribia, askari wawili walikuja na daftari lilelile. Wenye kazi waliachwa. Wasio na kazi walitakiwa bomani, kwenda kujenga. Ndipo nilipojua daftari lilikuwa la nini.

Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Alisimama mbele ya askari akawaambia kwamba huyu mzee haendi popote, kuna mwanamke ng'ambo ya korongo anayekaribia kujifungua na anamtegemea yeye. Askari mmoja hakubishana naye. Alinipa daftari, maana yeye mwenyewe hakujua kusoma, akaniamuru nisome.

Ningeweza kusema uongo. Ningesema mkunga, na wangekwenda nyumba nyingine. Lakini niliogopa kwamba siku moja mtu ajuaye kusoma ataangalia pale, aone kwamba nilisoma kisichokuwepo, aseme kijana yule hajui kitu. Hilo ndilo nililoliogopa, si lingine. Nikasoma, "Hana."

Mama aligeuka akanitazama. Bibi akauliza nani aliyeandika.

"Mimi, bibi."

"Kumbe," akasema, akikaza vazi lake la ngozi kiunoni. "Miaka yote hii nakupikia, mume wangu, kumbe nilikuwa nimekaa tu."

Askari wakacheka. Afadhali angenipiga.

Kesho yake nilikwenda kwa miguu mpaka kwa akida. Nilimwambia kwamba nimekosea, kwamba bibi yangu ana kazi saba, na nikaanza kuzitaja. Alinisikiliza mpaka ya tatu.

"Saba," akasema. "Hata bwana mkubwa wa boma ana moja. Mtu mwenye kazi saba hana hata moja, kijana. Na kitabu cha serikali hakikwaruzwi."

Kitabu chenyewe kilikuwa mapajani mwake, wazi. Ningeweza kunyoosha mkono. Nilichofikiri wakati ule, na naandika haya nikiwa nimeuma meno, ni kwamba nikikwaruza nitauchafua ukurasa.

Wanawake waliochukuliwa pamoja na bibi walirudishwa baada ya mwezi. Yeye hakurudishwa. Walituambia kwamba kuta walizokandika wao zilipasuka jua lilipotoka, lakini zake hazikupasuka. Msimamizi alipoona hivyo akasema mzee huyu abaki. Boma lilimchukua kwa sababu hana kazi, likamzuia kwa sababu anajua kazi. Nimejirudia maneno haya mara nyingi nikiwa peke yangu, na kila mara natafuta kitu cha kupiga teke.

Yule mwanamke wa ng'ambo ya korongo alijifungua bila yeye. Mtoto hakulia. Baba yake mpaka leo haniitikii nikimsalimu, na ana haki.

Bibi alirudi uwele ukitoa masuke, mifupa ya mabega imetokeza, anakohoa. Miezi yote ile alikuwa akichota maji na kukanyaga udongo kwenye mvua. Paa letu lilikuwa limepasuka, kwa sababu nililikandika mimi. Alinifanya niulete udongo pale alipolala. Nikamwuliza ni vibuyu vingapi vya majivu. Akanishika kiganja akakitia kwenye tope. "Acha kuhesabu," alisema. "Ukilishika utajua." Sikujua. Alicheka akakohoa, akaniambia nikande tena. Alikufa kabla ya mavuno.

Kwenye msiba mzee mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa mama mwema, alilea watoto na wajukuu, na sasa amepumzika. Kisha akaketi. Ndiyo yote aliyosema. Wake zake wawili walizalishwa na bibi, na maji aliyokuwa akinywa pale yalitoka kwenye mtungi wa bibi. Nilikuwa nimeandika maneno yangu ya kusema, lakini nilikuwa nimeyafuta mara nyingi hata hayakusomeka. Mama ndiye aliyeinuka. Alichukua ngoma ya bibi, akaipasha moto ngozi ikaze, akaibana magotini kama bibi alivyokuwa akiibana kwenye sherehe za wanawali, akaanza kupiga. Alipiga vibaya. Aliendelea hivyohivyo mpaka wanawake wengine wakaingia naye, na yule mzee akatazama chini.

Bibi yangu alikuwa mkunga, mfinyanzi, mpika chumvi, mkandika mapaa, mshona ngozi, mganga wa ng'ombe na mpiga ngoma. Mstari huu umevuka ukingo wa karatasi, neno la mwisho nimelibana pembeni, na wino umelidondokea.

Akida ameniita mara moja tangu hapo. Nilimwuliza daftari ni la nini kabla sijashika kalamu, akanifukuza, na hajaniita tena. Siku hizi nikikosea nakata neno kwa mstari mmoja, naendelea.