Vyombo vya Mama wa Rwimbogo

Mama yangu hajawahi kukataa zawadi. Ukimletea kitu, hata kama hana kazi nacho, atakipokea kwa mikono miwili, atakuombea baraka, kisha atakiweka kwenye kabati la vioo pamoja na sahani na vikombe vya wageni. Humo kitu kipya hungoja mgeni wa kukistahili. Mgeni huyo mimi sijawahi kumwona. Nilipaswa kukumbuka tabia hiyo kabla sijaanza kununua.

Baridi yabisi ilimwingia vidoleni polepole. Mikono iliyolima mihogo hapa Mururu tangu turudi kutoka Bukavu ikaanza kujikunja, viungo vikavimba, na asubuhi hata kufunga kitenge ikawa kazi. Nikamnyang'anya mwiko. Nasema nikamnyang'anya kwa sababu hakuniachia kwa hiari. Kila alfajiri nikawa namsongea ugali wa mchana, naufunika, najaza chai kwenye chupa, nakaza kizibo isipoe, halafu huyo, naelekea kazini mjini Kamembe. Jioni namuuliza kama amekula.

"Nilisha kula, mutoto wangu. Nimeshiba kabisa."

Lakini kitenge kilichomzunguka mara moja na nusu sasa kilikuwa kinamzunguka mara mbili. Nikaamini kwamba amekosa raha kwa kukosa jiko, na kwamba dawa yake ni vyombo vyepesi, vya kumrudisha jikoni bila maumivu. Sokoni yuko mama mmoja anayevuka daraja kutoka Bukavu na vyombo vya kila aina. Ana mikono ya kubeba magunia. Alichukua kifungulio cha makopo, akakizungusha, kopo likafunguka kama ganda la ndizi. Nami nikajaribu. Rahisi! Nikanunua hicho, na kisu cha kumenyea viazi, na kikamulio cha kitunguu saumu.

Mama akapokea, akabariki, akafungua kabati. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Kwetu mwenyeji alizidi kukonda.

Siku moja nilisahau karatasi za kazini, nikarudi nyumbani saa sita mchana. Nilimkuta amekaa mlangoni na kipande cha mkate mkavu mapajani na kikombe cha maji baridi. Chupa ya chai ilikuwa imejaa vilevile nilivyoiacha, kwa sababu kizibo nilichokikaza kwa mikono yangu yenye afya hakuweza kukizungusha. Na ugali wangu? Ulikuwa uani, kuku wanaugombania. Na mimi mjinga nilikuwa najisifu kwa majirani jinsi kuku wangu walivyonenepa!

Nikatoa vyombo vyote kabatini, nikamwomba ajaribu. Mishikio ilikuwa myembamba, na kila kimoja kilitaka kubanwa kwa nguvu. Akabana mara moja tu, machozi yakamlengalenga.

"Maman, kwa nini hukusema?"

"Nitasema je, na weye ulisha nunua?"

Nilikasirika, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimechagua vyombo vya mikono yake kwa kutumia mikono yangu. Ila kumpeleka sokoni achague mwenyewe nako kusingefaa, maana angesifia kila alichoonyeshwa ili muuzaji asione vibaya. Basi nikadanganya. Sipendi uongo, lakini huu nautetea mpaka leo. Nilimwambia kuwa ninayefanya naye kazi ana mama huko Rwimbogo, mikono inamsumbua, wameniomba nimnunulie vyombo, na mimi sijui kuchagua.

Jumamosi tukaenda. Loo, mama yangu! Yule mpole wa kabati la vioo alibaki nyumbani. Muuzaji alipotoa kile kifungulio chake cha makopo, Mama alikisukumia mbali.

"Hii? Munataka kuua mama ya batu? Hii ni ya bijana!"

"Maman, iko ya kisasa hii," muuzaji akajitetea.

"Ya kisasa, lakini inaluma. Leta ingine."

Alikataa sufuria yenye mkono mmoja mrefu, kwa kuwa uzito wote unaning'inia kwenye kifundo cha mkono. Akachagua ya masikio mawili mapana. Akachagua chupa ya chai ya kubonyeza juu, akaibonyeza kwa kiganja, akabonyeza tena kwa kiwiko, akaridhika. Kisu alitaka chenye mpini mnene. Mwiko ukampa shida, kwani miko yote ilikuwa na mipini myembamba, mpaka akaamuru tupite kwa fundi wa baiskeli tupate ukanda wa mpira wa kuuzungushia.

"Ule mama iko na vidole sawa hivi vyangu?" aliniuliza njiani.

"Sawa kabisa, Maman."

"Maskini," akasema. Akaufunga ule mpira mzunguko mwingine.

Tulipofika nyumbani aliuliza tutampelekea lini. Nikamwambia kwamba hakuna mama wa Rwimbogo. Akanitazama, akaitazama mikono yake. Kisha akacheka hadi akashika mlango.

"Na mimi nilisha muombea!"

Kabla hajaliangalia kabati, nikauchovya mwiko majini na kuupaka unga. Kitu kilichotumika hakina cheo cha kukaa na vikombe vya wageni.

Alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko la makaa, akaibana kwa miguu sufuria iliyoipuliwa na kuwekwa chini juu ya kitambaa, akaushika mwiko kwa viganja vyote viwili. Alisonga taratibu. Mara mbili alisimama kupumzisha mikono, na mara zote mbili nikainuka kumsaidia, akaninyooshea mwiko nirudi nikae. Nilikaa.

Ugali ulitoka laini, unang'aa. Akanimegea tonge la kwanza, akangoja nimeze.

"Unaona? Ya kwako ilikuwaka na mabonge. Nilikuwa nashindwa kukuambia."

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Tulikula mpaka tukakwangua sufuria, na siku hiyo kuku hawakupata hata chembe.