Mtu wa Nyuma ya Kinga

Hili nitakalowaambia hamtaliamini, na sitawalaumu, maana hata mimi ninayejua kila kinachotokea kuanzia mtaa wa Kasuku mpaka Alunguli ng'ambo ya mto nililikataa mara ya kwanza. Kuna mwanamume hapa Kindu, mwoka mikate, mwenye tumbo lililokuwa likimtangulia mlangoni kama mgeni wa heshima, ambaye asubuhi moja alijitupa katika mto Lualaba, akatokea ng'ambo, akapanda kinga, yaani baiskeli, akaiendesha mpaka makalio yakafa ganzi, kisha akashuka na kukimbia kwa miguu mpaka jua likachoka kumtazama. Yote siku moja. Na hakukuwa na mtu anayemfukuza! Anaitwa Anaclet. Haya ninayaandika mimi mjomba wake, nikiwa kwenye benchi la tanuri lake, nikisoma kila mstari kwa sauti, naye anakanda unga akijifanya hasikii.

Tuanze na vita, kwa sababu mchezo wote ulizaliwa huko.

Treni ilikuwa imeacha kuja. Chumvi ilikuwa adimu kuliko dhahabu, na kinga, baiskeli hizi hizi mnazozidharau leo mkipita na pikipiki zenu, njo zilikuwa treni yetu na lori letu. Wanaume walizipakia mpaka zikafanana na nyumba, wakazisukuma msituni mpaka Kampene kwa wachimbaji, wakarudi na mawese. Anaclet alikuwa kijana mwembamba, mbavu zinahesabika, na mwenzake wa njia alikuwa Tambwe. Alimwita yaya, yaani kaka, maana Tambwe alimzidi umri, alimzidi kifua, na njo aliyemfundisha kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wa mbele anashika fimbo iliyofungwa kwenye usukani na kuongoza. Wa nyuma anaweka bega kwenye mzigo na kusukuma. Katikati yao kuna bidoni, madumu ya mawese, zimepangwa juu mpaka hawaonani. Unaweza kutembea na mtu siku nzima usimwone uso. Basi wanaongea kwa kugonga bidoni. Mara moja: tupumzike. Mara mbili: sukuma. Mara tatu: naachilia, jiokoe. Na hii ya tatu ilikuwa sheria ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu mmoja akiachilia kwenye mulima, mzigo wote unabaki kwa mwenzake. Unaweza kumdanganya mke wako, unaweza kumdanganya padri. Lakini huachilii kinga bila kugonga.

Siku hiyo walikuwa wanarudi. Ulibaki mulima mmoja tu kabla ya Alunguli, ule tunaouita mulima wa Mama Divine, kwa sababu mama huyo alikuwa akiuza ndizi kule juu. Walikuwa nusu ya kupanda, Tambwe anaimba mbele, Anaclet bega lake limegandana na bidoni, wakati watu wenye bunduki walipotoka majanini na kupiga risasi juu.

Risasi moja. Anaclet hakuhitaji ya pili. Aliachilia.

Hakugonga. Mkono wake ulikuwa juu ya bidoni, kugonga ni kukunja vidole tu, lakini vidole vilikuwa vimekwisha kufika mtoni kabla ya mwili. Aliteremka kichakani, akaingia Lualaba na nguo zake, akaogelea. Mamba mwenye urefu wa behewa la treni alimfuata mpaka katikati. Haya, tuseme nusu behewa. Alipotokea ng'ambo, upande wa mji, kina mama waliokuwa wakifua walipiga vigelegele, na kabla nguo hazijakauka mji mzima ulikuwa umempa jina: Mamba. Kijana aliyevuka Lualaba chini ya risasi!

Naye alisimama pale, akaipokea chai ya moto, akalipokea na jina.

Tambwe walimkuta wanakijiji jioni. Kinga ilikuwa imerudi nyuma na kumburuta mulima mzima, ikamlalia mguu. Mawese yalikuwa yamechukuliwa. Mguu ulipona ukiwa umepinda kama shina la muhogo, na umepinda mpaka leo. Anaclet alipokwenda kumwona hospitalini, alikuwa ameyapanga maneno yote njiani. Lakini Tambwe njo aliyeanza kuongea, tena anacheka.

"Ndugu yangu, uko hai! Miye nilisema wamekupiga huko nyuma, sababu mzigo ulikuya ghafula. Nikasema, nikiachilia sasa, hii mawese yote itamuangukia kijana wa watu. Nikashika. Nikakuita, shika Anaclet, shika! Walikufanya nini?"

"Walinisukuma," Anaclet akasema.

Neno hilo moja njo limemlea mpaka akaota mvi.

Kwa sababu Tambwe ni msimuliaji, tena mzuri, karibu anifikie mimi. Vita vikaisha. Anaclet akaoa Adolphine, wakamzaa Princesse, wakajenga tanuri. Tambwe akafungua kibanda cha kutengeneza kinga kule Alunguli. Na kila penye matanga, kila penye ubatizo, Tambwe atanyoosha mguu wake mbele ya watu na kuanza: "Huyu munaona hapa, Anaclet, alinishikia nyuma mpaka walimutoa kwa nguvu." Watu wanageuka kumtazama Anaclet kwa heshima. Wanamwongezea nyama kwenye sahani. Naye hiyo nyama haishuki.

Akaanza kutoka nje hadithi inapoanza. Kwanza alikwenda chooni. Baadaye akawa anazunguka nyumba. Halafu akazunguka mtaa. Mwishowe, Tambwe akikohoa tu kusafisha koo, Anaclet yuko uwanja wa ndege. Wengine wanakimbia kwa sababu daktari amewatisha na sukari. Yeye alikimbia hadithi, na tumbo likapungua lenyewe bila kuombwa.

"Baba Princesse," Adolphine akamwambia siku moja, "muntu mwenye kukimbia namna hii, ao ameiba, ao iko na bibi mwingine. Weye ni gani?"

"Ni mazoezi."

"Mazoezi ya kuhama?"

Basi Joël, mwalimu wa michezo, akarudi kutoka Kisangani na wazo kichwani. Mbio za kuogelea, kinga na miguu, mfululizo, bila kupumzika, na akaziita triatlo. Wataingia mtoni juu ya mji, watatokea Alunguli, watapanda kinga barabara ya Kalima mpaka mbali na kurudi, kisha watakimbia mpaka ukingoni. Vijana wakajiandikisha. Mji ukauliza swali moja: Mamba je? Anawezaje kukosa Mamba?

Anaclet alitaka kukataa. Lakini Tambwe alikuwa amekwisha kumwandikisha.

"Kinga natengeneza miye," akasema, mdomo umejaa furaha. "Weye ulinishikia mulima. Wacha leo miye nikushikie kinga."

Kwa miezi iliyobaki kabla ya mbio Tambwe aliifumua baiskeli ya zamani ya Kichina, akatoa kila chuma kisicho na kazi, akanyoosha magurudumu kwa jicho moja kama mtu anayelenga ndege. Hakutaka malipo, hata mkate hakutaka. Kila Anaclet alipofika kibandani alimkuta ameketi chini, mguu uliopinda umetupwa pembeni, anapaka mafuta mnyororo. Anaclet alikuwa anaomba Mungu kinga iharibike. Haikuharibika.

Maji yalikuwa tabu nyingine. Hakuwa ameingia Lualaba tangu siku ile, na ile siku alipoogelea ni woga uliomwogelesha. Mvuvi Moussa akakubali kumfuata na mtumbwi.

"We Anaclet, unaogelea ao unapigana na maji?"

"Nyamaza, piga kasia."

"Lualaba haina makosa na weye, baba. Mbona unaichapa makofi? Watu wote wanasema Mamba, Mamba. Mamba gani mwenye kumeza maji?"

Kila alipoinua uso kuvuta hewa aliuona ule ukingo wa pili, vile vile vichaka. Akawa anafumba macho. Moussa akawa anamgonga kichwani na kasia kila alipopotea njia, na hivyo njo alivyojifunza kuogelea vizuri.

Siku ya mbio ikafika. Joël alitoa amri kwamba kila mtu awe na kofia ngumu kwenye kinga. Vijana wakaazima za pikipiki. Anaclet akapata ya mchimbaji mmoja wa Kampene, na taa yake mbele.

Mto aliuvuka katikati ya kundi, salama. Kwenye kinga alianza vizuri. Kinga ilikuwa nyepesi, inateleza kama samaki. Alipofika juu ya mulima wa Mama Divine akamkuta Tambwe. Alikuwa ameletwa na pikipiki, ameketi na vifaa vyake vya kutengenezea, pembeni yake bidoni tupu ya njano. Alipomwona Anaclet akaigonga mara mbili. Du, du! Sukuma!

Sauti hiyo ilimwingia mgongoni. Alipiga pedali kilomita zote zile za kwenda, na sauti iko nyuma yake. Akageuka kule mwisho, akaanza kurudi, na akakumbuka jambo ambalo hakuwa amelifikiri miezi yote hiyo: kwa kurudi ataupanda mulima upande ule ule. Ile njia yenyewe. Vile vichaka vyenyewe.

Akaanza kupanda. Mapaja yanaungua, taa ya mchimbaji inacheza kwenye paji la uso. Alipofika nusu akasikia juu kule: du, du.

Alishuka. Akaisukuma kinga kwa mkono mpaka juu, polepole, kama mtu anayepeleka maiti kwao.

"Nini imeharibika?" Tambwe akauliza, tayari ameshika spana.

"Hakuna, yaya. Siku ile hakuna mutu alinisukuma."

"Siku gani?"

"Siku ya mawese. Nilisikia risasi, nikaachilia. Sikugonga."

Kijana mmoja akawapita akipiga kengele. Akapita wa pili. Tambwe aliitazama spana kana kwamba amesahau jina lake.

"Nilikuita," akasema.

"Sikuwa pale."

"Nilisema shika, Anaclet. Nilisema mara mingi."

"Nilikuwa kwa maji, yaya."

"Na miye nilikataa kuachilia kwa ajili yako." Aliongea pole kabisa, na huyu ni mtu ambaye sauti yake inasikika ng'ambo ya mto. "Ningeruka pembeni. Ilikuwa rahisi tu. Nilishika kwa ajili yako."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu hospitali. Uliniambia weye mwenyewe. Ulikuwa unacheka."

Tambwe akaunyoosha mguu wake, akautazama. Safari hii hakukuwa na watu wa kuwaonyesha. Miaka yote ile aliyosimulia kwenye matanga, nyama yote ile iliyoongezwa kwenye sahani ya mwingine, vyote vilikuwa vimekaa pale barabarani kati yao, na Anaclet akasubiri apigwe spana. Angeipokea. Angeshukuru.

"Na unaniletea hii habari leo," Tambwe akasema hatimaye, "na kofia ya namna hiyo kwa kichwa."

Hakuna aliyecheka.

"Panda."

"Yaya, nisa..."

"Panda, nimesema! Kinga nimeitengeneza miye, itafika. Na kama utaachilia hii mbio nayo, ugonge bidoni kwanza. Nisikie."

Akapanda. Hakumbuki mteremko. Anakumbuka kwamba alifika Alunguli, mtu akamwondolea kofia, akaanza kukimbia, na miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Alidhani akishasema atakuwa mwepesi. Wapi! Kabla ya hapo alikuwa na kosa moja la zamani lililokwisha kuzoea kulala naye kitanda kimoja. Sasa alikuwa na uso wa Tambwe akiitazama spana. Akatapika kwenye mtaro. Mama mmoja akamwambia, "Baba, kaa chini, uko muzee," akakaa. Na kukaa kulikuwa kutamu sana. Hapo chini akatafuta kwa mkono kitu cha kugonga, hakupata, na akaona aibu hata ya kutafuta. Akainuka.

Basi hapo, wapenzi wasomaji, miguu ya Anaclet ikaota mabawa! Akampita kijana wa kwanza, akampita wa pili, akaipita na pikipiki ya Joël mwenyewe. Kindu nzima ikaingia mtoni kwa furaha. Na Tambwe, akiitupa fimbo yake kama mtu aliyeponywa, akatoka mbio kumlaki, akamkumbatia mbele ya umati wote, akalia, akasema kwa sauti kwamba amemsame...

"Mujomba, simama hapo."

Anaclet ameacha unga. Mikono yake iko myeupe mpaka viwiko.

"Pikipiki gani? Nilikuwa wa mwisho. Walikuwa wanakunja kamba. Na hakunikumbatia. Alikuwa pale mwisho, amekaa juu ya bidoni, watu wote wameenda kwao. Nilipovuka alisimama, akaigonga mara mbili, akaita pikipiki, akaenda. Mpaka leo hajanisemesha, na kwa matanga hasimulii tena. Njo hivyo tu."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Lakini hiyo siyo kusamehe, mujomba. Usiandike kusamehe. Andika mara mbili."