Mwalimu wangu wa gofu London alikuwa ananipa "pole" kabla sijakosea

Wakuu, habari za majukumu.

Naandika hii nikiwa break, basi limepaki, chai iko mkononi. Ni mambo yaliyonikuta mwenyewe majira ya baridi yaliyopita hapa London. Sijatia chumvi popote. Wanaonijua humu wanajua hata uongo wa kuomba ruhusa kazini unanishinda.

Mimi ni Mchaga wa Moshi, dereva wa basi upande wa kusini wa jiji. Naishi Lewisham na mke wangu na watoto wawili ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza.

Na ndiyo, nacheza gofu. Najua kuna mtu tayari anaandika "mchezo wa matajiri". Subiri kwanza mkuu.

Gofu kwetu imeingia kupitia kaka yangu mkubwa, Eliakimu. Yeye si tajiri, ni fundi. Zaidi ya miaka ishirini ametengeneza mashine za kukata majani kwenye kiwanja cha gofu kule nyumbani. Jumatatu wafanyakazi waliruhusiwa kucheza, na kaka alicheza Jumatatu zake zote mpaka akawa hatari.

Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Aliyenilea ni huyu kaka. Nimesoma kwa spana zake, wakuu, na hilo silisahau.

Mwaka jana mwezi wa nane nilienda likizo, akanipeleka kiwanjani. Mimi nikajiona mtu wa London, nikakamata fimbo kama nimezaliwa nayo. Nikapiga ya kwanza, hewa. Ya pili, hewa. Ya tatu nikang'oa bonge la udongo na majani yake, mpira umetulia pale pale.

Kaka akaenda kuliokota lile bonge, akalirudisha kwenye shimo lake, akalikanyaga taratibu kwa kiatu. Akaniambia ameyatunza majani yale miaka yote na hajawahi kuona mtu anayalima.

Nikacheka lakini iliniuma.

Kabla sijarudi tukapeana ahadi. Pasaka nirudi, tucheze mashimo tisa, mimi na yeye tu. Atakayeshindwa ananunua mbuzi.

Wakati ule alikuwa anachechemea kidogo. Kaka ana sukari, na alikuwa na kidonda kwenye unyayo. Nilipomuuliza alisema kinapona. Ila pale uwanja wa ndege alinishika bega akasema, "Pasaka usikose. Uje kabla huu mguu haujanigomea."

Kwa hiyo muelewe, mimi sikuwa natafuta kombe. Nilikuwa natafuta kucheza mara moja, vizuri, mbele ya yule mtu, akiwa bado anaweza kutembea mashimo tisa.

Sasa mwalimu nikampataje?

Kuna duka moja la viungo mtaa wa Tooting huwa nafuata mihogo na iliki. Siku hiyo niko kwenye foleni, naongea na kaka kwenye simu, ananitania kuhusu gofu kama kawaida yake. Nyuma yangu kasimama mzee wa Kihindi, kofia ya sufu, kapu mkononi. Nilipokata simu akaniuliza, "Wewe iko cheza gofu?"

Niligeuka kama nimeitwa na mtu wa kwetu.

Anaitwa Mzee Jayanti. Mzaliwa wa Tanga. Aliondoka kijana miaka ile ya sabini Wahindi wengi walipokuwa wanaondoka, na hajarudi tena. Hapa alifanya kazi ya famasi mpaka akastaafu, na gofu amefundisha watu miaka mingi kwa mapenzi tu. Akasema atanifundisha kila Jumamosi majira yote ya baridi, kwa sharti moja. Tukiwa kwenye lesson, Kiingereza marufuku.

Sababu aliniambia siku hiyo hiyo, bila kuona haya. Mke wake naye alikuwa wa Tanga. Nyumbani walikuwa wanachanganya Kigujarati na Kiswahili. Tangu mke afariki hakuna wa kumsemesha, na maneno yanamtoka moja moja.

Nikakubali. Nani akatae mwalimu anayelipwa kwa Kiswahili? Nilimlazimisha apokee na mihogo.

Basi tukaanza. Tulikuwa tunaenda range, yaani uwanja wa mazoezi ambapo unasimama kwenye kibanda wazi upande mmoja, unapewa ndoo ya mipira na unaipiga kuelekea mbele. Baridi ya Novemba inaingia mpaka kwenye meno. Saa kumi jioni jua limeshaaga.

Hapa ndipo kioja kilipoanzia.

Mzee anasimama nyuma yangu. Mimi nalenga mpira, nainua fimbo. Kabla fimbo haijafika juu, nasikia sauti yake, ya upole kabisa.

"Pole."

Sasa mimi nimelelewa. Mtu mzima akikupa pole, unaitikia. Nashusha fimbo, nageuka, naweka mkono kifuani, "Asante mzee." Kisha narudi kwenye mpira na kuupiga kwa hasira zote, maana moyoni najiuliza huyu ananipaje pole hata sijakosea?

Na kweli nakosea. Mpira unaenda kulia, unaenda kushoto, mwingine unaviringika hatua tano na kulala.

Yeye anatikisa kichwa. "Tena."

Nainua fimbo. "Pole." Nashusha. "Asante mzee." Nabamiza. Kulia.

Wakuu, hivyo hivyo Novemba, Desemba na Januari. Krismasi imepita, mimi napewa pole tu.

Nyumbani nikamlalamikia mke wangu kwamba mzee ananidharau, amenikatia tamaa. Mke akasema labda kwa Wahindi wa zamani hiyo ni heshima, niendelee kuitikia. Nikaendelea kuitikia. Ila ikawa inanikera, hata kwenye usukani nikiona mtu kakosa basi langu nasikia sauti ya mzee kichwani.

Tukafika mwezi wa pili.

Jumamosi moja asubuhi, mke wangu yuko kazini, shemeji akanipigia kutoka Moshi. Sauti yake tu ilinitosha. Kile kidonda kilikuwa kimeoza kwa ndani. Alhamisi walikuwa wamemkata kaka mguu, chini ya goti. Kaka mwenyewe ndiye aliyekataza nisiambiwe mpaka kazi iishe, eti nisije nikaacha basi la watu barabarani.

Nikakaa kitandani. Sikulia. Nikavaa, nikabeba fimbo zangu, nikaenda kwenye lesson. Msiniulize kwa nini. Ndani nisingeweza kukaa, na miguu ilikuwa imezoea kwamba Jumamosi tunaenda kule.

Mzee sikumwambia kitu. Nikamsalimia, nikaweka mpira, nikainua fimbo.

"Pole."

Fimbo ikanitoka mkononi. Nikamgeukia, nikamuuliza, "Nani amekuambia?"

Akainama kuiokota ile fimbo.

"Kaka yangu amekatwa mguu," nikasema. "Nimeambiwa asubuhi hii. Hata mke wangu hajui. Wewe umejuaje?"

Halafu nikalia, wakuu. Mwanaume mzima, kwenye kibanda cha range, kulia na kushoto Wazungu wanapiga mipira na kujifanya hawaoni.

Mzee akanivutia kiti cha plastiki, akafungua chupa yake ya chai ya tangawizi, akanimiminia kwenye kifuniko. Akangoja niimalize. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayepanga mawe, "Siku zote wewe nasema asante mzee, asante mzee. Hii asante ya nini?"

Nikamwambia si unanipa pole? Mtu akipewa pole si anashukuru?

Akafumba macho. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Baadaye yakawa yote mawili.

"Mimi hapana sema pole," akasema. "Mimi nasema polepole. Pole moja, mkono iko panda. Pole ya pili, mkono iko shuka. Lakini wewe hapana ngoja ya pili."

Wakuu, hebu fikirieni. Miezi mitatu yule mzee alikuwa hajawahi kumaliza neno lake hata mara moja. Nusu ya kwanza akiitoa, mimi nimeshageuka kushukuru. Yeye akajua amepata mwanafunzi mwenye adabu sana na masikio hana. Mimi nikajua nimepata mwalimu mwenye dharau. Na Kiingereza ambacho kingetuokoa tulikipiga marufuku wenyewe.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, huku machozi hayajakauka.

Kisha mzee akasimama, akavua kofia yake ya sufu kwenye baridi ile, akanipa mikono yote miwili.

"Sasa hii ndiyo ile pole yenyewe. Pole sana, ndugu yangu."

Nikasema asante. Safari hii ilikuwa mahali pake.

Nikamwambia basi, gofu nimeacha. Pasaka nitaenda kumuuguza kaka, fimbo zitabaki Lewisham. Nitachezaje mbele ya mtu ambaye hana mguu? Si nitakuwa namcheka?

Akaniuliza swali moja tu. Kaka amesema hataki?

Sikuwa nimemuuliza. Mzee akanionyesha simu yangu kwa kidole.

Nikapiga pale pale. Kaka akapokea akiwa wodini, sauti imekauka. Nikaanza kujikongoja, kaka samahani, kaka nimesikia. Akanikatisha.

"Walichokata ni mguu. Mbuzi bado unadaiwa. Unajifunza au unalia?"

Nikamwambia yote mawili. Akasema vizuri, uje.

Tangu siku hiyo nikajifunza kungoja. Fimbo inapanda, pole. Naisubiri. Inashuka, pole. Mzee akakumbuka kwamba mimi ni dereva, akaniuliza nikitoa basi kituoni na bibi kizee bado hajakaa, natoaje? Nikasema taratibu, asianguke. Akasema basi kila mpira una bibi ndani.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo mpira ukaondoka. Ukanyooka, ukapanda, ukaenda kutua mbali ambako sijawahi kufika. Nikageuka. Mzee alikuwa anafuta miwani.

Siku ya mwisho kabla sijasafiri alinipa fimbo moja fupi, ile ya kusukumia mpira shimoni. Ya zamani sana, kichwa cha shaba, mshikio umefungwa upya kwa ngozi. Akasema ilikuwa ya baba yake, na alipotoka Tanga ndiyo kitu pekee cha gofu alichobeba. Nikakataa, nikamwambia mzee hii ni ya familia.

"Ipe kaka," akasema. "Hii natoka kule. Mimi hapana rudi, yenyewe irudi."

Niliibeba ndani ya begi la mkononi, nimeizungushia kitenge cha mke wangu, na pale ukaguzi wa mizigo tulibishana mpaka nikakaribia kuachwa na ndege. Nikairudisha kaunta, ikaenda na mizigo mikubwa, nikasafiri na roho mkononi. Ilifika.

Jumatatu ya Pasaka tulikuwa kiwanjani. Kaka amekonda, yuko kwenye kiti cha magurudumu, lakini kofia kaikalisha upande kama enzi zake. Tukabadilisha masharti, tunacheza kama mtu mmoja. Mimi napiga za mbali, yeye anamalizia.

Shimo la kwanza mpira wangu ulinyooka. Kaka hakusifia. Alisema tu, "Hukulima." Kwangu mimi hiyo ilikuwa shahada.

Tukafika kwenye green, ile sehemu ya majani mafupi kama zulia ambayo ndiyo yenye shimo. Nikataka kusukuma kiti kiingie. Kaka akakamata magurudumu.

"Hapa magurudumu hayapiti. Haya majani ni yangu."

Akashuka. Nikamshika kiunoni kwa nyuma, akasimama kwa mguu mmoja, akakamata fimbo ya Mzee Jayanti. Nilikuwa nausikia mwili wake unatetemeka. Mpira hatua tatu kutoka shimoni. Akaivuta fimbo nyuma, na nikaona mkono una haraka, haraka ya mtu anayeogopa kuanguka mbele ya mdogo wake.

Nikamwambia sikioni, "Pole."

Akasimamisha mkono. Akanigeuzia uso, umekunjamana.

"Nimeshapoa, mdogo wangu. Usinionee huruma."

"Sijamaliza kaka," nikasema. "Vuta tena."

Akavuta fimbo nyuma tena. Nikasema pole. Safari hii akangoja. Fimbo ilipoanza kurudi mbele nikamalizia, "Pole."

Mpira ukaenda taratibu kama hautaki, ukafika kwenye mdomo wa shimo, ukadumbukia.

 Kaka aliniegemea uzito wake wote, na mimi nikambeba, kama alivyonibeba yeye miaka ile yote.

Tulicheza mashimo matatu tu, akachoka. Mbuzi nilinunua mimi, maana alidai mpira uliingia kwa mkono wake, na kisheria siwezi kumpinga. Video ya ule mpira, iliyopigwa na mfanyakazi mmoja wa kiwanja, nilimtumia Mzee Jayanti. Akajibu kwa maandishi, neno moja, na safari hii aliliandika zima: polepole.

Nilichojifunza ni kwamba nimeshukuru watu wengi maishani kwa haraka, kabla hawajamaliza kunipa walichotaka kunipa. Kaka, mzee, hata mke wangu. Siku hizi mtu akianza kuniambia kitu, naacha amalize. Na kila Jumamosi bado naenda Tooting kwa Mzee Jayanti, gofu iwepo isiwepo, tunaongea Kiswahili mpaka chai iishe.

Haya wakuu, break imeisha, abiria wananitazama. Wale mlio mbali na nyumbani, kuna neno lenu wenyewe mliwahi kulisikia nusu? Shusheni hapa chini, nikifika mwisho wa ruti nasoma yote. Na mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani, leo mwambie avue soksi umtazame unyayo.