Nipime Ugali Wangu, au Nimpoteze Kaka

Admin, nifiche vizuri. Mke wangu hana simu ya kisasa, ila majirani zake wanazo na midomo wanayo.

Mimi ni babu wa miaka sitini na nane, niko kijiji kimoja cha Sumbawanga, huku juu kwenye baridi. Shule niliishia darasa la nne, mimi na mwalimu tukiwa tumechokana. Nalima mahindi na ulezi, na nina kisukari. Anayesema huu ni ugonjwa wa matajiri aje aone suruali yangu.

Nina kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, hakiponi. Daktari kaniambia sukari isiposhuka kidole kitakatwa, na ikibidi watapanda juu. Nikamuuliza, "Mtaishia wapi, daktari?" Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nesi akanifundisha kuhesabu vyakula vya wanga: ugali, wali, viazi, uji, hata pombe yetu ya ulezi, jamani! Ugali usizidi ngumi moja, na nikila kiazi, ugali upungue. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, niazime ngumi ya jirani, yake kubwa." Akasema, "Yako, babu. Na usiushindilie."

Sasa shida ni kaka yangu mkubwa. Tumekula sahani moja tangu tukiwa watoto. Mkewe alifariki, watoto wako mbali, kwa hiyo kila jioni anakuja kwangu. Ugali unawekwa katikati, kila mtu anamega upande wake, ukibomoka hujui umekula wa nani. Nilijaribu kuhesabu matonge kimoyomoyo, kaka akaanza habari ya ng'ombe walioingia shambani kwake, hesabu ikapotea na ugali ukaisha.

Nikamwambia mke wangu anipakulie pembeni. Ngumi yangu, maharage, mboga za majani kama analishwa mbuzi. Kaka akanawa, akaona sahani mbili.

"Hii nini, mdogo wangu?"

"Yangu, kaka. Nimepimiwa kwa ajili ya sukari."

"Umepimiwa kama mfungwa! Au umeniona mchafu?"

"Ni mguu, kaka."

"Kwani mguu ndio unaokula?"

Na mimi kwa upuuzi wangu nikatania: "Hapana, ila wewe unamega haraka, nimechoka kukimbizana." Hakuna aliyecheka. Akasema taratibu, "Tangu mama watoto afe, hapa ndipo nilipobakiwa na mtu wa kula naye. Kama kila mtu ana chake, si nibaki kwangu?" Akaondoka, mikono bado imelowa.

Hakurudi tena. Mke wangu alimpelekea chakula, kikarudi kimefunikwa vilevile. Nikamfuata mwenyewe. "Shikamoo, kaka." "Marahaba, njoo tule." Ugali ulikuwa mlima. Alikuwa amekonda, nikaona aibu, nikala. Alifurahi, akanisimulia ujinga wetu wote wa ujana. Kliniki iliyofuata sukari ilikuwa imepanda na kidonda kinatoa maji.

Msiniambie nimweleweshe. Nimemweleza, mke wangu kamweleza. Anaitikia kwa kichwa, kisha anasema, "Basi kula kidogo," huku anausogeza ugali upande wangu. Na mimi nikiacha kula, naye anaacha.

Ndugu zangu, nikila naye mguu unaondoka. Nisipokula naye, yeye hali kabisa. Mwenye njia anipe upesi, maana naandika hapa na kaka ameshaniita, ugali ameshausonga, na anasema hawezi kuanza peke yake.